Dawa Iliyotuliza Kichwa Ikaharibu Mafigo

Mtu aumwapo na kichwa hutaka jambo moja tu, nalo ni kupona upesi. Akipewa dawa, na baada ya muda mfupi maumivu yakaondoka, husema, "Dawa hii ni njema." Wala hapana awezaye kumlaumu, maana ameijaribu mwenyewe na ameiona kazi yake. Lakini dawa imezwayo haiendi kichwani peke yake. Huingia katika damu, na damu huipeleka mwilini mwote, na huenda ikafanya jema mahali pamoja na baya mahali pengine.

Hizi ni habari za dawa moja iliyopendwa sana Ulaya, Marekani na Australia kwa muda wa miaka karibu mia. Iliwatuliza maumivu watu wasiohesabika, na huku iliwaharibu wengi mafigo yao pasipo wenyewe kujua. Jina lake ni fenasetini.

1. Jinsi dawa ilivyopatikana

Mwaka wa 1886 madaktari wawili, Arnold Cahn na Paul Hepp, walikuwa wakiwatibu wagonjwa katika mji wa Strasbourg, ambao siku hizo ulikuwa chini ya Ujerumani. Walimpa mgonjwa dawa waliyoidhani kuwa ni naftalini, ili kuua minyoo ya tumboni. Minyoo haikufa, lakini homa ya mgonjwa ilishuka. Madaktari wakastaajabu, wakachunguza, wakaona kwamba dawa waliyopewa haikuwa naftalini. Mwuza dawa alikuwa amekosea, akawapa kitu kingine kiitwacho asetanilidi. Basi kwa kosa hilo ikapatikana dawa mpya ya homa, ikauzwa kwa jina la Antifebrin. Walakini ilikuwa na ubaya wake. Watu wengine walioitumia waligeuka rangi, midomo yao na kucha zao zikawa za samawati, kwa kuwa dawa hiyo iliizuia damu isichukue hewa safi sawasawa.

Ndipo wenye elimu ya madawa wakatafuta dawa ifananayo na hiyo, isiyokuwa na ubaya huo. Katika mji wa Elberfeld, huko huko Ujerumani, kilikuwako kiwanda cha Bayer, kilichotengeneza rangi za kutilia nguo. Kazi hiyo iliacha mabaki mengi yasiyo na faida. Bwana mmoja wa kiwanda hicho, Carl Duisberg, alifikiri kwamba mabaki hayo yaweza kugeuzwa kuwa dawa, akamtaka mwenzake Oskar Hinsberg ajaribu. Kazi yao ikazaa fenasetini. Kitu chenyewe kilikuwa kimekwisha kutengenezwa mwaka wa 1878 na Mmarekani mmoja, Harmon Northrop Morse, lakini yeye hakukitia katika kazi ya uganga. Mwaka wa 1887 wagonjwa walianza kupewa. Homa ikashuka, maumivu yakatulia, wala watu hawakugeuka rangi kama wale wa kwanza. Basi ikaonekana kwamba dawa isiyo na madhara imepatikana.

Baadaye watengenezaji wa dawa wakaanza kuichanganya fenasetini na dawa nyingine, hasa aspirini na kafeini. Kafeini ni kile kitu kilichomo katika kahawa na chai kiondoacho usingizi. Michanganyiko hiyo iliuzwa madukani kwa bei ndogo, mingine vidonge, mingine unga uliofungwa katika vipande vya karatasi. Mtu yeyote aliweza kununua pasipo cheti cha daktari.

2. Unga wa Huskvarna

Huskvarna ni mji mdogo wa Uswidi, kando ya ziwa kubwa liitwalo Vättern. Tangu mwaka wa 1689 palikuwa na kiwanda cha bunduki hapo, na baadaye kikatengeneza pia cherehani, baiskeli na pikipiki. Watu wengi wa mji walipata riziki yao humo.

Mwaka wa 1918 homa ya mafua iliyoenea duniani kote ilifika hata Huskvarna. Daktari mmoja wa mji huo, jina lake Hjorton, aliwapa wagonjwa wake unga wenye fenasetini, kafeini, na dawa nyingine ya maumivu iitwayo fenazoni. Homa ilipokwisha wagonjwa wakarudi kiwandani, lakini unga hawakuuacha. Waliona kwamba mtu aliyeula hakuchoka upesi, na kichwa chake hakikuuma, na mikono yake iliendelea na kazi. Basi na wale wasiougua wakaanza kuula, maana hapana aliyetaka kuachwa nyuma na wenzake.

Desturi hiyo ikaenea, ikawa kama desturi ya kunywa kahawa. Rafiki alimpa rafiki pakiti ya unga. Hata siku ya mtu kukumbuka kuzaliwa kwake, wenzake walizifunga pakiti za unga kwa karatasi nzuri, wakampelekea kuwa zawadi. Hapana aliyefanya kwa siri wala aliyeona haya, kwa sababu hapana aliyeona ubaya. Si dawa ya daktari hiyo? Na kila mtu hakuijaribu mwenyewe?

Tena unga huo ulikuwa na mtego ndani yake. Mwili uliozoea kafeini kila siku huumwa na kichwa siku ukiikosa. Basi mtu aliyejaribu kuacha unga aliamka na kichwa kinamwuma, akasema, "Kumbe bado ni mgonjwa, nahitaji dawa." Akala tena, na kichwa kikapona. Hakujua kwamba unga ule ule uliomponya ndio uliomletea maumivu ya asubuhi ile. Hivyo pakiti moja iliita ya pili, na mwaka mmoja uliita wa pili.

Hapa yafaa kufanya hesabu kidogo. Mtu alaye gramu moja ya fenasetini kila siku huona kuwa ni kitu kidogo, chapata kujaa ncha ya kijiko tu. Lakini baada ya siku 1000, nazo hazifiki miaka mitatu, amekwisha kula kilo nzima. Na watu wengine waliendelea hivyo miaka kumi, au ishirini, au zaidi.

3. Kazi ya mafigo

Ili kufahamu yaliyowapata watu hao, imetupasa kwanza kuijua kazi ya mafigo. Mtu ana mafigo mawili, moja kila upande wa uti wa mgongo, nyuma ya tumbo. Kila moja lapata ukubwa wa ngumi. Kazi yake ni kuisafisha damu. Kama vile mpishi achujavyo tui kwa kifumbu, machicha yakabaki na tui likapita, ndivyo mafigo yachujavyo damu. Lakini mafigo yana akili kuliko kifumbu, maana hurudisha katika damu vile vifaavyo, na kuvitoa vile visivyofaa pamoja na maji, na hayo ndiyo mkojo.

Katika kila figo mna vichujio vidogo sana, hesabu yake karibu milioni moja. Kwa siku moja mafigo mawili huchuja maji ya damu yapata lita 180, kisha huyarudisha mwilini karibu yote, hata mkojo ukawa lita moja na nusu tu au karibu na hapo. Maji yanapopunguzwa hivyo, taka zilizomo huzidi kuwa kali, na mahali zilipo kali kuliko pote ni katika ncha za ndani za figo, ambapo mirija yote hukutana na kumwaga mkojo. Tena mahali hapo damu ni chache, basi nyama yake ni dhaifu kuliko nyingine.

Hapo ndipo fenasetini ilipofanyia ubaya wake. Dawa ilipokwisha kufanya kazi kichwani, mabaki yake yalipelekwa mafigoni yatolewe, yakakusanyika katika zile ncha, yakaila nyama yake kidogo kidogo. Aspirini iliyochanganywa nayo ilizidisha hatari, kwa sababu hupunguza vile vitu viisaidiavyo mishipa ya damu ya figo kubaki wazi. Siku moja haikuleta dhara lionekanalo, wala mwezi mmoja. Lakini baada ya miaka mingi ncha zilikufa, na nyingine zilikatika zikatoka na mkojo. Ncha ikifa, mirija iliyo juu yake huziba, na vichujio vyake hufa pia. Mwisho figo zima husinyaa, likawa dogo na gumu.

Na mambo hayo yote hupita kimya. Jino likioza huuma, na mwiba ukiingia mguuni huchoma, lakini figo lifapo hivyo mara nyingi halisemi neno. Mungu amempa mtu mafigo zaidi ya mahitaji yake, hata mtu mwenye figo moja zima aweza kuishi maisha marefu yenye afya. Wema huo ndio uliouficha ugonjwa. Vichujio vilivyobaki vilifanya kazi ya vile vilivyokufa, na mtu akaendelea kwenda kazini, akicheka na wenzake, mpaka sehemu kubwa ya mafigo yake imekwisha kuharibika. Ndipo alipoanza kuamka usiku mara nyingi kwenda kukojoa, akawa na kiu, akapauka, akaishiwa na nguvu. Na kwa kuwa aliona amechoka, alikula unga zaidi ili apate nguvu. Ndiyo maana wazee wetu walisema: Kikulacho ki nguoni mwako.

4. Waliosema kweli

Watu wa kwanza kuiona hatari hiyo sawasawa walikuwa madaktari wa Uswisi. Huko nako vidonge vya maumivu vilitumika sana, hasa na watu wa viwandani. Daktari Otto Spühler na Daktari Hans Ulrich Zollinger, wa mji wa Zürich, waliona wagonjwa ambao mafigo yao yamesinyaa kwa namna isiyokuwa ya kawaida. Walipowauliza habari zao, wakaona kwamba wengi wao walikula dawa za maumivu kwa miaka mingi. Mwaka wa 1953 wakatangaza habari hizo.

Huko Huskvarna daktari aitwaye Kurt Grimlund naye aliona kwamba watu wengi mno wa mji ule mdogo wanakufa kwa ugonjwa wa mafigo. Akaanza kuuliza: Ni nani wanaokula unga, na wanakula mara ngapi? Lakini kazi yake haikuwa nyepesi. Watu wengi hawakupenda maswali yake. Unga ule walipewa na daktari waliyemheshimu, na wazazi wao waliula, nao wenyewe walikuwa wakiula siku ile ile. Basi kuambiwa kwamba zawadi waliyompelekea rafiki yao ilikuwa sumu, hilo lilikuwa neno zito. Grimlund hakukata tamaa. Alikusanya habari za walio hai na za waliokufa, akaona kwamba ugonjwa ule uliwafuata walaji wa unga. Mwaka wa 1961 serikali ya Uswidi iliamuru kwamba dawa zenye fenasetini zisiuzwe tena ila kwa cheti cha daktari. Mwaka wa 1963 Grimlund akaandika habari zote za kiwanda kile, madaktari wa nchi nyingine wakazisoma.

Walakini wengine walishuka moyo kusadiki. Walisema, "Labda watu hawa walikula dawa kwa sababu walikuwa wagonjwa tangu mwanzo. Huenda ugonjwa ndio ulioleta dawa, wala si dawa iliyoleta ugonjwa." Hilo ni swali la haki, na halijibiwi kwa maneno matupu. Basi mwaka wa 1968 madaktari wa Basel, katika nchi ya Uswisi, waliwachagua wanawake 623 wenye afya ambao mkojo wao ulionyesha kwamba hula fenasetini mara kwa mara, na wanawake wengine 621 wasioila hivyo. Wakawaangalia makundi haya mawili kwa muda wa miaka karibu 20. Katika kundi la kwanza walikufa 74, na katika kundi la pili 27. Wote walianza wakiwa na afya. Kwa hiyo lile neno la kwamba ugonjwa ulitangulia halikuweza kusimama.

Australia nako mambo yalikuwa mabaya sana. Unga ulioitwa Bex, na mwingine ulioitwa Vincent's, uliuzwa kila mahali. Matangazo yaliusifu, na wanawake waliochoka na kazi za nyumbani waliunywa pamoja na chai, kisha wakajilaza kidogo. Daktari Priscilla Kincaid-Smith wa Melbourne, aliyezaliwa Johannesburg, alionyesha katika miaka ya 1960 jinsi michanganyiko hiyo iharibuvyo zile ncha za figo. Wagonjwa walikuwa wengi, na wale ambao mafigo yao yalikufa kabisa ilibidi damu yao isafishwe kwa mashine, mara kadhaa kila juma, saa nyingi kila mara, siku zote za maisha yao, isipokuwa wamepata kupandikizwa figo la mtu mwingine. Mwaka wa 1979 michanganyiko ya dawa za maumivu ilikatazwa kuuzwa Australia pasipo cheti cha daktari. Baada ya hapo wagonjwa wapya wa namna hiyo wakapungua mwaka kwa mwaka.

Nchi nyingine nazo zikaiondoa fenasetini, moja baada ya moja. Marekani iliiondoa mwaka wa 1983. Tena ilikwisha kuonekana kwamba iliwaletea wengine saratani katika njia za mkojo. Hivyo tangu siku wagonjwa wa kwanza walipopewa hata siku ile ilipoondolewa Marekani ilikuwa imepita miaka 96.

5. Mtoto wa fenasetini

Lakini habari hii ina jambo la kustaajabisha. Mwaka wa 1948 na uliofuata, wataalamu wawili wa Marekani, Bernard Brodie na Julius Axelrod, walichunguza mambo yaipatayo fenasetini ndani ya mwili. Wakaona kwamba mwili huigeuza kuwa kitu kingine kiitwacho parasetamoli, na hicho hasa ndicho kitulizacho maumivu. Basi ya nini kula fenasetini, ikiwa mtu aweza kula parasetamoli yenyewe? Tangu miaka ya 1950 parasetamoli ikaanza kuuzwa, na moja ya majina yake ni Panadol, jina lijulikanalo leo katika kila duka la dawa la Tanzania na Kenya.

Parasetamoli haina ule ubaya wa fenasetini. Ikitumiwa kwa kipimo chake ni dawa njema. Lakini mtu akizidisha kipimo yaweza kumwua, maana huliharibu ini. Nazo dawa nyingine za maumivu ziuzwazo siku hizi, kama ibuprofeni na diklofenaki, zaweza kuyaumiza mafigo zikiliwa siku nyingi mfululizo, hasa kwa mzee, au kwa mtu aliyeishiwa na maji mwilini kwa kuhara au kutapika, au kwa mtu ambaye mafigo yake ni dhaifu tayari.

Kwa hiyo kosa la watu wa Huskvarna halikuwa kwamba walitumia dawa. Dawa ni neema, na mgonjwa aikataaye hujidhulumu. Kosa lao ni kwamba waliifanya dawa kuwa chakula, wakaila kila siku wakiwa wazima, na kwa sababu haikuwaumiza leo wakadhani haitawaumiza kesho. Mtu mwenye busara husoma maneno yaliyoandikwa juu ya pakiti, hufuata kipimo, wala hamgawii mwenziwe dawa aliyopewa yeye. Na maumivu yakirudi kila siku, haendi dukani kununua pakiti nyingine, bali huenda kwa daktari aulize yanatoka wapi. Maana maumivu ni mjumbe. Kumnyamazisha mjumbe kila siku pasipo kuusikiliza ujumbe wake si kupona.

Maswali

1. Kwa kosa gani dawa ya Antifebrin ilipatikana, na ubaya wake ulikuwa nini?
2. Kwa nini watu wa Huskvarna waliendelea kula unga hata baada ya homa ya mwaka wa 1918 kwisha?
3. Eleza jinsi unga ulivyoweza kumponya mtu kichwa na pia kumletea maumivu ya kichwa.
4. Mtu akila gramu moja na nusu ya dawa kila siku, atakula gramu ngapi kwa siku 365?
5. Kwa nini ugonjwa wa mafigo huweza kukaa miaka mingi usijulikane?
6. Kwa nini madaktari wa Basel walichagua wanawake wenye afya, wala si wagonjwa?
7. Eleza maana ya methali hii: Kikulacho ki nguoni mwako.